Uzamili Mkononi, Kidato cha Sita Mlangoni

Barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi imebeba vyuo vingi kuliko abiria wake wanavyodhani. Kilomita chache tu kutoka mjini unaikuta Tengeru, iliko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Novemba 2012 na kujengwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu. Mbele kidogo, kabla ya Usa River, ni Makumira. Hapo ndipo Walutheri walipohamishia chuo chao cha theolojia kutoka Lwandai mwaka 1954, na leo pana Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Ukipita Maji ya Chai, Kikatiti na Boma Ng'ombe, baada ya kilomita kama 60 umefika Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1997, na kwa miaka mingi kilikuwa chuo kishiriki cha Tumaini, hata kikawa chini ya jina la Makumira.

Kwa hiyo anayeishi Makumira ana utafiti wa afya upande mmoja, nauli ya daladala tu, na udaktari upande wa pili, mwendo wa Coaster. Magari yanakwenda na kurudi kutwa nzima. Lakini aliyemaliza uzamili wa utafiti wa afya, akataka sasa kusomea udaktari, atagundua kuwa cheti chake kipya hakimfikishi Moshi.

Watu wa namna hiyo wanaongezeka, na si ajabu. Miaka 20 iliyopita mtafiti wa afya alikuwa ama daktari aliyechoka na wodi, ama mwanabaiolojia aliyepata ufadhili wa Ulaya. Siku hizi ngazi imesogezwa karibu. Taasisi ya Nelson Mandela, kwa kushirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara, inafundisha uzamili wa utafiti wa afya ya jamii. KCMC wana uzamili wa epidemiolojia na takwimu, na mwingine wa utafiti wa kitabibu. Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho kina wake wa afya ya jamii. Wanaoingia humo ni wataalamu wa maabara, wauguzi, maofisa afya mazingira, wafamasia, na wahitimu wa sayansi ya viumbe ambao kidato cha sita walisoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wakiwa na ndoto ya kuvaa koti jeupe, kisha matokeo au ada vikawapeleka kwingine. Wanajifunza kubuni utafiti, kuomba kibali cha maadili, kuchambua takwimu, kuandika ripoti. Halafu wanakwenda hospitali kukusanya data, wanasimama pembeni ya kitanda na dodoso mkononi, na mgonjwa anawauliza swali ambalo hawana ruhusa ya kulijibu.

Ndoto ya zamani hufufuka hapo.

Sasa twende kwenye mlango wenyewe. Nchini Tanzania udaktari wa binadamu ni shahada ya kwanza. Huchukua miaka 5, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Sifa za kujiunga huchapishwa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tume hiyo ndiyo iliyokuwa ikipokea maombi ya nchi nzima kwa mfumo mmoja kuanzia 2010, hadi mwaka 2017 vyuo viliporudishiwa kazi ya kupokea maombi vyenyewe. Mwombaji wa udaktari hupitia moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kidato cha sita: ufaulu wa principal katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla ya pointi zisizopungua 6, ambapo A huhesabiwa 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Ya pili ni stashahada ya utabibu, ile wanayosoma matabibu, yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, ikiungwa mkono na ufaulu wa kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Pointi 6 ni sakafu. Nafasi za udaktari ni chache na wenye alama za juu ni wengi, kwa hiyo mwenye sakafu tu huweza kutimiza sifa zote na bado jina lake lisionekane kwenye orodha ya waliochaguliwa. Jambo hili huwauma wengi kwa sababu tangazo la chuo husema "sifa za kujiunga", nao huzisoma kama ahadi.

Katika njia hizo mbili, shahada ya uzamili haina pa kukaa. Mwombaji anapofungua mfumo wa udahili, huanza kwa kuingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kisha ya kidato cha sita au taarifa za stashahada. Mtu wa miaka 31 aliyechapisha makala katika jarida la kimataifa anaulizwa alipata ngapi kwenye Fizikia alipokuwa na miaka 19. Kama alipata C, karibu. Kama alipata S, yaani ufaulu usiofikia principal, makala yake haitamsaidia, hata kama inahusu malaria.

Je, ni uonevu? Kwa sehemu. Mwenye chuo naye ana hoja yake. Uzamili wa utafiti wa afya unaweza kusomwa na mtu aliyeanzia sosholojia au takwimu, ambaye hajawahi kuigusa kemia ya kidato cha tano. Shahada hiyo inathibitisha kuwa mtu anajua kuuliza swali na kulitafutia jibu. Haithibitishi kuwa anaweza kuufuata mwendo wa chumvi ndani ya figo, au kusoma anatomia mwaka mzima bila kupumua. Chuo kinachopokea maombi maelfu kinahitaji kipimo kimoja kinachofanana kwa wote, na mtihani wa taifa ndio kipimo hicho. Kasoro ni kwamba kinawapima kwa namna hiyohiyo hata wale ambao shahada yao ya kwanza ilikuwa ya maabara ya tiba au uuguzi, waliokwisha kusoma fiziolojia na biokemia chuoni na kufaulu vizuri. Hao wanarudishwa nyuma kuliko inavyostahili.

Mtu asikate tamaa kabla ya kutoa vyeti kabatini. Matokeo ya zamani ya kidato cha sita hayachachi. Mwongozo wa TCU husoma kila cheti kwa madaraja ya mwaka wake: waliomaliza kabla ya 2014, waliomaliza 2014 na 2015 wakati madaraja yalipokuwa yamebadilishwa, na waliomaliza kuanzia 2016. Mwenye PCB nzuri ya mwaka 2009 aliyeishia kusoma sayansi ya viumbe kwa kukosa nafasi, bado anayo tiketi yake. Anaomba kama kijana yeyote aliyemaliza juzi, na atakaa darasani na vijana waliozaliwa yeye akiwa sekondari.

Ambaye alama zake hazitoshi ana mambo mawili ya kufanya, na yote mawili yanahitaji moyo. Anaweza kurudia mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani huo hufanyika Mei, na unahitaji kituo chenye maabara, kwa sababu hakuna Kemia wala Fizikia bila vitendo. Mtu anayefanya kazi ya mradi na kusoma usiku anaweza kulimudu hilo kwa mwaka mmoja au miwili, ingawa wengi hukuta kwamba Fizikia iliyowashinda ujanani haijalegea. La pili ni kusoma stashahada ya utabibu, miaka 3. Ukijumlisha na miaka 5 ya udaktari na mmoja wa utarajali, ni miaka 9. Njia hii ina faida moja kubwa: mtu anaanza kumgusa mgonjwa mapema, na akitoka humo ni tabibu mwenye ajira yake hata kama udaktari hautakuja.

Kinachowakwamisha wengi zaidi ni pesa. Aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kuulipa. Akiacha kazi akasome udaktari, mshahara unakatika na deni linabaki. Mkopo mpya nao si jambo la kutegemea: miongozo ya Bodi katika miaka ya karibuni imekuwa ikitaka mwombaji asizidi umri wa miaka 35 na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka 5 iliyotangulia. Mwenye uzamili kwa kawaida amekwisha kuanguka katika kigezo hicho cha pili. Maana yake ni kujilipia miaka yote 5, au kutafuta mfadhili atakayeelewa kwa nini mtu mwenye shahada mbili anaomba ya tatu iliyo chini ya ile ya pili. Familia nayo haielewi kirahisi. Mjomba aliyechanga kwenye sherehe ya mahafali ya uzamili atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona unaanza upya.

Hesabu ya umri ni hii. Aliyemaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 24, akafanya kazi miaka 3, akasoma uzamili miaka 2, ana 29. Udaktari utamfikisha 34, utarajali 35. Huko ataajiriwa kama Daktari Daraja la II sawa na mwenzake wa miaka 26, na uzamili wake wa awali hautamruhusu kujiita bingwa. Ubingwa wa tiba una shahada yake, inayosomwa baada ya udaktari kwa miaka 3 au zaidi, na ule wa utafiti hauchukui nafasi yake. Pia vipindi alivyosoma kwenye uzamili havipunguzi hata muhula mmoja wa udaktari. Takwimu atazisoma tena, akiwa ndiye anayewafundisha wenzake usiku bwenini.

Barani Afrika wapo waliojaribu kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwapokea wenye shahada na kuwaingiza moja kwa moja mwaka wa tatu wa udaktari. Chuo Kikuu cha Ghana nacho kina mpango wake wa wahitimu. Hapa Afrika Mashariki, chuo cha Butaro kaskazini mwa Rwanda, kilichoanzishwa na shirika la Partners In Health la hayati Paul Farmer, kilianza mwaka 2019 kufundisha udaktari na uzamili wa afya ya dunia kwa pamoja, mwanafunzi akitoka na vyote viwili. Farmer mwenyewe alihitimu Harvard mwaka 1990 akiwa na udaktari wa tiba na uzamivu wa anthropolojia.

Uingereza ina kozi za miaka 4 za wenye shahada tangu mwaka 2000. Marekani karibu udaktari wote ni wa wenye shahada, desturi iliyoimarishwa na Johns Hopkins mwaka 1893. Hata huko, alama za uzamili huorodheshwa kando na hazifuti alama mbaya za shahada ya kwanza. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei kabisa waombaji wa kigeni. Na Mtanzania anayekwenda nje asisahau TCU kabla ya kuondoka, wala Baraza la Madaktari Tanganyika baada ya kurudi, kwa kuwa bila usajili wa Baraza hakuna kutibu.

Makumira, kwa kuwa ni nyumbani kwa wanatheolojia na idara ya muziki, ingefaa kumkumbuka Albert Schweitzer katika habari hii. Mwaka 1905 alikuwa na miaka 30, ana shahada ya juu ya falsafa, ana ya theolojia, anaongoza chuo cha theolojia Strasbourg, na ni mpiga kinanda wa kanisani anayejulikana Ulaya. Akaamua kusomea udaktari ili aende Afrika. Kanuni zilimkwaza, kwa kuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Strasbourg hakuruhusiwa kuwa wakati huohuo mwanafunzi wake, ikabidi atafutiwe ruhusa ya pekee. Shahada zake hazikumpunguzia masomo. Alikaa kwenye kemia na anatomia na vijana, huku akijipatia fedha kwa matamasha ya kinanda na kitabu chake juu ya Bach, na hadi anafungua hospitali Lambaréné, Gabon, ilikuwa 1913. Miaka 8. Kuna mengi ya kumlaumu Schweitzer kwa jinsi alivyowatazama Waafrika, na waandishi wa Kiafrika hawakumnyamazia, lakini hesabu yake ya miaka ni ileile anayoikabili mhitimu wa Tengeru leo.

Linabaki swali ambalo mwombaji hapendi kuulizwa: udaktari anautakia nini? Wapo wanaoutaka kwa sababu wamechoka kuitwa wasaidizi katika miradi inayoongozwa na madaktari. Kwa hao, miaka 6 ni bei kubwa ya kununua heshima. Profesa Wen Kilama, Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, alikuwa mtaalamu wa wadudu. Dk. Askwar Hilonga, aliyekuwa akifundisha pale Tengeru, ni mhandisi wa kemikali. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linaloondoa vijidudu, metali na floraidi. Mtu wa Arumeru hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Anaiona kwenye meno ya kahawia ya majirani, na mto wa Maji ya Chai unamkumbusha kila apitapo. Hilonga hakuhitaji kusajiliwa na Baraza la Madaktari ili alishughulikie tatizo hilo la afya.

Upande wa pili kuna kazi ambazo mtafiti peke yake hawezi kuzimaliza. Mfano ulio karibu ni utafiti wa homa uliofanyika Moshi, KCMC na hospitali ya Mawenzi, mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa 2013. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa kwa vipimo vya kina. Madaktari wa wodini walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa. Waliokuwa na malaria kweli ni 14 tu, asilimia 1.6. Zaidi ya robo ya waliopimwa walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, kama leptospirosisi, homa ya Q na brusela, ambayo kwa kutotajwa hayakutibiwa ipasavyo. Takwimu ziliyaona yale ambayo macho ya wodini hayakuyaona. Lakini takwimu haziandiki dawa. Lazima awepo mtu saa nane za usiku, mbele ya mfugaji mwenye homa ambaye kipimo chake cha malaria hakionyeshi kitu, akumbuke namba hizo na abadili matibabu. Huyo ni daktari aliyewahi kuwa mtafiti, na Kilimanjaro na Arusha zinamhitaji sana.

Wengi waliofika huko walianzia upande wa tiba. Profesa Gibson Kibiki, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa kitabibu ya KCMC kisha Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, alikuwa daktari kwanza, mtafiti baadaye. Hakuna sababu ya msingi inayozuia mpangilio huo kugeuzwa. TCU na vyuo vya udaktari wangeweza kutenga nafasi chache kila mwaka kwa wenye shahada za sayansi za afya zenye ufaulu mzuri, wakawapa mtihani wa kuingilia wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na atakayefaulu akaingia bila kurudishwa kwenye cheti cha ujanani. KCMC, yenye wodi na watafiti ndani ya uzio mmoja, ingekuwa mahali pazuri pa kujaribia.

Hadi hapo litakapofanyika, mwenye uzamili anayefikiria udaktari asiandike barua ya kuacha kazi kwa kutegemea uzamili huo. Apakue kwanza kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, ambacho ni bure mtandaoni, akiweke pembeni ya cheti chake cha kidato cha sita, na aiandikie ofisi ya udahili ya chuo anachokitaka ili apate jibu la maandishi. Dirisha la kwanza la maombi kwa kawaida hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa, katikati ya mwaka.